Kamera za kugundua wanaokuja kinyume kwenye rampu za I-17 Phoenix: maoni ya dereva wa usiku

Nyota nne kati ya tano. Naanza na hilo ili mwenye haraka aondoke nalo, mwenye muda tukae tuongee, maana hii kitu imenikaa moyoni na sioni watu wetu wakiizungumzia.

Ninachokitolea maoni leo sio simu wala mgahawa. Ni mfumo wa kamera na taa uliofungwa kwenye rampu, zile njia za kuingilia na kutokea, za haiwei ya I-17 hapa Phoenix, Arizona, Marekani, wa kugundua gari linaloingia haiwei kwa kupitia njia ya kutokea, yaani linakuja uso kwa uso na nyie mnaoenda sawa, ile sisi Dar tunaita rong saidi. Mimi ni dereva, nabeba abiria usiku, natoka nyumbani saa mbili narudi saa kumi na moja alfajiri, na hiyo I-17 ndo uti wa mgongo wa kazi yangu, kaskazini kule Deer Valley mpaka mjini, mjini mpaka kaskazini, usiku mmoja naweza kuipita mara nane au kumi. Kwa hiyo nikisema natumia hii huduma namaanisha naitumia kweli, tena naigharamia, maana hela yake ilitoka kwenye ile kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ya kaunti ya Maricopa, kaunti yenye mji huu wa Phoenix, ambayo wananchi waliipigia kura 2004, kila ukinunua kiatu au tairi hapa mjini kuna kipande kinaenda barabarani.

Ilivyo ni hivi. Idara ya barabara ya jimbo, ADOT, ilifunga kamera 90 za joto kwenye kipande cha maili 15, kama kilomita 24, kutoka haiwei ya I-10 mpaka ile ya Loop 101, mradi wa dola milioni 4, ukaanza kazi Januari 2018. Kamera ya joto haijali giza, haijali kama umewasha taa au umesahau, yenyewe inaona joto la gari lako na inaona linaelekea wapi, basi. Nyingine zimekaa kwenye rampu za kutokea, nyingine zimekaa kwenye haiwei yenyewe. Mtu akipanda rampu ya kutokea, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kibao cha WRONG WAY kinawaka na taa nyekundu zinampiga machoni palepale, hiyo ni ya kwake yeye. Muda huohuo taarifa inawafikia watu wa ADOT kwenye chumba chao cha kuongozea barabara na inawafikia askari wa DPS, hao ndo trafiki wa haiwei wa jimbo. Halafu sasa inakuja ya kwetu sisi wengine: vile vibao vikubwa vya umeme vilivyokaa juu ya barabara vinabadilika vinakwambia kuna dereva anakuja kinyume mbele, toka kwenye haiwei, na taa za kwenye rampu za kuingilia zinaganda nyekundu ili asiongezeke mtu humo ndani. Na huyo bwana akishaingia kabisa, kamera za njiani zinamwona anavyopita ili askari wajue yuko wapi sasa hivi, sio alikuwa wapi dakika tatu zilizopita.

Hilo la dakika tatu nataka nikae nalo kidogo maana ndo kiini cha yote. Kabla ya hizi kamera walikuwa wanategemea mtu apige 911, namba ya dharura ya huku. Fikiria wewe unaendesha, ghafla kuna gari limekupita upande wa kushoto likija, unatetemeka, unatafuta simu, unapokelewa, unaulizwa uko wapi, unasema niko I-17, wapi I-17, aah nimeshapita Dunlap nadhani, anaelekea kusini au kaskazini, hapo na wewe umechanganyikiwa maana anaelekea kaskazini akiwa upande wa kusini. Gari la maili 65 kwa saa linakula zaidi ya kilomita moja na nusu kila dakika. Na mkiwa wawili mnakuja kila mmoja na hiyo 65 yake, kilomita moja iliyowatenganisha inaisha kwa sekunde kama 17. Sekunde 17 ni kusoma hii aya kidogo tu. Kwa hiyo mfumo unaotoa taarifa ndani ya sekunde chache badala ya dakika chache, huo sio urembo, hapo ndo pana tofauti ya maiti na mzima.

Na kulikuwa na sababu ya kuanzia I-17. Aprili 2017 wasichana wawili, wanafunzi wa chuo kikuu, waliuawa kwenye hiyohiyo I-17 na dereva aliyekuja kinyume. Kabla yake, Mei 2014, kuna askari wa polisi wa mji wa Mesa aliuawa akiwa anarudi nyumbani, aliyemgonga alikuwa amelewa na alikuwa anakuja kinyume. Madereva wa zamani hapa ukiwagusia mambo haya wanaanza kutaja makutano na mwaka kama mtu anayehesabu misiba ya ukoo.

Sasa nieleze usiku wangu.

Ilikuwa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa nane na kitu usiku, nimemchukua dada mmoja wa Burundi, nesi, ametoka zamu, ni mteja wangu wa kudumu. Tunashuka kusini, tumepita Bell, tumepita Greenway, mimi niko leni ya kushoto kabisa kwa sababu barabara ilikuwa nyeupe na mtu ukiwa na haraka unapenda kule. Nakaribia Thunderbird nikaona kibao kinawaka. Saa nyingi za usiku vibao vile vimezima au vinatoa tangazo la kawaida la usalama, na jicho limeshazoea, linapita juujuu. Safari hii nikasoma neno la kwanza nikahisi baridi mgongoni. Dereva anakuja kinyume. Mbele. Toka.

Nilichokiona baada ya hapo sijawahi kukiona tena barabarani. Magari yote mbele yangu, labda saba labda nane, yakaanza kuhama kulia kwa wakati mmoja bila fujo, indiketa zinawaka moja baada ya nyingine kama watu wanaopisha jeneza lipite. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyechomekea. Nami nikahama, leni moja, ya pili, nikatokea Cactus. Dada akanyanyua uso kwenye simu akaniuliza, "Kaka, mbona tumetoka? Kwangu si bado?" Nikamwambia subiri kwanza dada yangu, kuna gari linakuja rong saidi, tukae hapa. Akanyamaza, akaanza kusali kwa Kirundi kwa sauti ya chini.

Tulikaa sheli kama dakika kumi na mbili hivi. Gari mbili za DPS zilipita kwa spidi ambayo sina maneno nayo. Halafu kimya. Nikaona tujaribu kurudi, nikasogea kwenye rampu ya kuingilia, na hapo ndo nikakiona kitu ambacho kwangu ndo bora kuliko vyote kwenye huu mfumo: taa ya rampu ilikuwa nyekundu. Wanaoishi hapa wanaelewa, zile taa za kwenye rampu kazi yake ni saa za foleni, asubuhi na jioni, zinaruhusu gari mojamoja. Saa nane usiku hazina kazi, unapita tu. Sasa imekaa nyekundu, haipepesi, haibadiliki. Nikasimama. Nyuma yangu akaja jamaa na pikapu akanipigia honi, mara ya kwanza fupi, mara ya pili ndefu, pengine hakuona kibao chochote maana alikuwa ametokea mtaani, kwake yeye mimi ni mtu nimelala kwenye taa. Sikusogea hata kidogo. Nilishusha kioo nikatoa mkono nikamwonyesha ile taa. Akatulia. Tukakaa wote wawili pale, watu tusiojuana, tunaangalia taa nyekundu katikati ya usiku, mpaka ilipozima.

Sikusikia ajali. Kesho yake nilitafuta habari sikuona kitu. Pengine aligeuka mwenyewe, na ndivyo wanavyofanya wengi: katika ile miaka ya mwanzo kamera za I-17 ziligundua magari zaidi ya 100 yaliyokuja kinyume, na ADOT walisema zaidi ya madereva wanane katika kila kumi waligeuka wenyewe, wengi wakiwa bado kwenye rampu, kabla hawajafika kwenye leni za haiwei. Hiyo namba ukiisoma haraka inapita tu. Mimi naisoma hivi: wengi sana kati ya hao sio wauaji, ni watu waliokosea kona, wakapigwa na mwanga mwekundu, wakashtuka, wakageuza. Kibao ndo kimewaokoa wao na kikaniokoa mimi nisiyejulikana kwao.

Na naomba mnisikilize kwenye hili la kukosea kona, maana mimi nimekosea.

Mwezi wangu wa kwanza kuendesha Marekani, sio Phoenix, ni mji mwingine, nilikuwa natoka mashariki ya mji… hapana ngoja nielezee vizuri maana ufundi wake ni muhimu hasa kwa sisi tuliotoka Tanzania, Kenya na Uganda tunaoendesha kushoto. Chukua barabara ya kawaida inayokatiza juu ya haiwei. Wewe unaelekea mashariki, haiwei inapita kusini kaskazini, na unataka kwenda kaskazini. Kwetu, gari zinazoenda kaskazini zinakaa upande wa magharibi wa haiwei, kwa hiyo kona ya kwanza ya kushoto kabla hujavuka daraja ndo ya kwako. Mwili unajua hivyo, mkono unajua hivyo, huhitaji hata kufikiri. Huku ni kinyume chake: zinazoenda kaskazini ziko upande wa mashariki, unatakiwa uvuke daraja kwanza ndo ukate kushoto. Ile kona ya kwanza ya kushoto, ambayo mkono wako unaitaka, ni rampu ya kutokea. Ukiingia pale umeshakuwa habari ya kesho asubuhi.

Mimi niliingia. Usiku, mvua, nimechoka, vibao vya pale vilikuwa vya zamani, vimekaa juu na vimepauka, taa zangu hazikuvifikia. Nilikwenda kama mita hamsini hivi ndo nikaona taa za lori zinashuka kuja kwangu. Namshukuru Mungu alikuwa anapunguza mwendo kwa ajili ya ile taa ya chini. Alisimama, akazima full, akawasha hazadi, akanisubiri nigeuze. Hakutukana. Nilirudi nikapaki mahali nikalia, sioni aibu kusema. Sikuwa nimekunywa hata soda. Ningekuwa na kile kibao chenye taa nyekundu pale, nisingefika hata mita kumi.

Ndo maana mtu akiniambia hii teknolojia haina maana kwa sababu mlevi hasomi kibao, huwa nakataa kwa moyo wote. Ni kweli ADOT wenyewe wanasema ajali mbili katika kila tatu za namna hii Arizona ni za madereva waliokunywa au kutumia kitu, na mara nyingi kiwango cha pombe kinakuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha sheria. Sibishani na hilo. Lakini theluthi iliyobaki ni nani? Ni wazee waliochanganyikiwa, ni wagonjwa, ni wageni kama mimi. Na hata mlevi sio wote wamelewa sawasawa, kuna aliyelewa akili bado ina upenyo mdogo, huo upenyo ndo taa inaingilia.

Kingine ninachokipenda hakihusu kamera kabisa na kina bei ndogo. Kuanzia 2014 walianza kubadilisha vibao kwenye rampu, wakaweka vikubwa zaidi na wakavishusha chini, karibu na usawa wa taa za gari. Sababu yake ni ya maana sana: mtu aliyelewa haangalii mbali wala juu, anaangalia lami iliyo mbele ya bampa lake, anafuata mistari. Kibao kilichokaa juu ya kichwa chake kwake hakipo. Kikishuka chini kinaingia kwenye ile duara ndogo anayoiona. Halafu kuna vile virifleka vilivyobandikwa kwenye lami. Ukienda sawa vinang'aa vyeupe au njano. Ukienda kinyume vinang'aa vyekundu. Siku moja mchana nilipaki nikaenda kwa miguu pembeni ya rampu moja, nikachuchumaa upande wa huku, upande wa dereva anayekosea, nikawasha tochi ya simu hata kama kulikuwa na jua, nikaviona: safu ya vidoa vyekundu vinakutazama, mpaka vinapotea kwenye kona. Miaka yote napita juu yake sikujua vina sura mbili.

Kwenye misiba na harusi zetu hapa, ukiingia mjadala wa barabara, lazima mtu aulize kuhusu misumari. Mzee mmoja wa Uvira aliniuliza hivi karibuni, "Juu ya nini hawaweke misumari pale, akiingia vibaya itoboe mipira?" Ni swali zuri, nami niliwahi kulifikiria, na nilimjibu, "Mzee wangu, ile misumari unayoiona kwenye maegesho imetengenezwa kwa gari linalotembea taratibu." California walishaijaribu zamani wakaiacha. Tairi halishuki upepo papo hapo, gari linaendelea mbele, sasa limekuwa gari la mlevi lisiloshika stelingi. Misumari yenyewe inavunjika kwa kukanyagwa na magari maelfu kila siku, ikivunjika inaanza kutoboa wanaotoka sawa. Wanaotoka sawa nao wakiiona wanaogopa wanafunga breki, wanagongwa nyuma. Na kuna siku ambulensi au zimamoto wanalazimika kuingia kupitia rampu ya kutokea kwa sababu ajali imeziba huku kwingine, hao nao utawatoboa? Mzee alitikisa kichwa akasema basi kumbe ni ngumu. Ndiyo, ni ngumu, na ndo maana naheshimu suluhisho ambalo halijifanyi jepesi.

Watu wa nyumbani mtaniuliza, je hii ingetufaa Dar au Nairobi? Nimelifikiria sana. Kwetu tatizo ni la aina nyingine. Bodaboda anayekuja rong saidi Kimara hajapotea wala hajalewa, anakwepa foleni, anajua anachofanya, na dereva wa daladala anayetanua naye anajua. Kamera ya kugundua ingelia kutwa nzima mpaka wanaoisikiliza waizime. Hapo kinachotakiwa ni kizuizi cha kati kisichopitika na sehemu za kuvukia zilizo karibu, ili mtu asione faida ya kwenda kinyume. Lakini tangu Dar ianze kupata barabara za juu, Mfugale pale TAZARA, Kijazi pale Ubungo, na Nairobi nao na ile Expressway yao, rampu zimeingia maishani mwetu na zitaongezeka. Vibao vya chini, mishale mikubwa kwenye lami na virifleka vyekundu havihitaji mamilioni ya dola. Mhandisi yeyote anayesoma hapa naomba aanze na hivyo.

Sasa ile nyota moja niliyoibana.

Kwanza, mfumo unajua, lakini hausimamishi. Akishapita pale kwenye taa bila kujali, kinachomsimamisha ni askari, na askari wa DPS mara nyingine wanalazimika kumgonga kwa gari lao wenyewe ili asifike kwa familia iliyo mbele. Nina heshima kubwa sana kwa hao watu. Ila ujue kwamba kati ya taa kuwaka na askari kufika kuna muda, na katika huo muda wewe ndo uko barabarani.

Pili, vile vibao vya juu haviko kila hatua. Ukiwa umeshapita kimoja na kikabadilika nyuma yako, utaendesha mpaka kinachofuata hujui lolote. Kwa spidi ya haiwei hiyo ni nafasi kubwa.

Tatu, maandishi yake ni Kiingereza, na ni mafupi, yanatakiwa yasomwe kwa sekunde mbili. Hapa Phoenix kuna watu wetu wengi, Wakongo, Warundi, waliokuja kama wakimbizi, wakapata leseni, wanaendesha kwenda viwandani usiku, na wengine Kiingereza bado wanajifunza. Mtu kama huyo akiona kibao kinawaka anadhani ni tangazo la foleni. Mimi nimeanza kuwafundisha kina mama pale kanisani wasijaribu kusoma sentensi nzima, wakariri tu sura ya maneno mawili, WRONG na WAY, yaani W inaanza huku na W inaanza kule, ukiziona hizo mbili juu ya barabara toka kwenye haiwei bila kuuliza. Mama mmoja aliichora kwenye daftari lake la nyimbo. Alama ya picha ingesaidia zaidi, gari mbili zinatazamana, hata mtoto angeelewa.

Nne, kile kipande cha kwanza kilikuwa maili 15 tu. Wameendelea kuongeza kamera kwenye barabara nyingine za bonde hili la Phoenix na nafurahi, lakini haiwei za jimbo zima ni ndefu sana na mtu anaweza kuingilia mbali huko kijijini akaja nayo mpaka mjini.

Sheria nayo ilikazwa, tangu 2018 kuendesha kinyume kwenye haiwei ukiwa umelewa hapa Arizona ni kosa kubwa la jinai, sio faini ya kulipa ukaenda zako. Vizuri. Ila mtu aliyefikia hali ya kuingia rampu ya kutokea hana sheria kichwani saa hiyo.

Kuna utafiti wa AAA, chama cha madereva cha Marekani, wa 2021 ulionigusa kwa sababu una kitu ambacho sisi watu wa jamii tunaweza kukifanyia kazi. Walikuta Marekani nzima watu kama 500 kwa mwaka walikuwa wanakufa kwa ajali hizi kati ya 2015 na 2018, madereva sita katika kumi waliokuja kinyume walikuwa wamepita kiwango cha pombe, hayo tunayajua. Kilichonigusa ni kwamba karibu tisa katika kumi walikuwa peke yao ndani ya gari. Peke yao. Hakuna wa kumwambia kaka unaenda wapi, hii sio njia. Ndo maana siku hizi kwenye sherehe zetu nikiwa nimeshapaki kazi, mtu akitaka kuondoka saa saba usiku peke yake na macho mekundu, simwachi, namwambia ndugu yangu gari litalala hapa, mimi nakupeleka, na sichukui hela. Wengine wananikasirikia. Wakasirike.

Kama umesoma mpaka hapa na unaendesha usiku huku, nakuomba mambo machache nikuachie. Usikae leni ya kushoto kabisa baada ya saa sita usiku, maana anayekuja kinyume anadhani yuko leni yake ya kulia, na leni yake ya kulia ndo kushoto kwako, huko ndo ajali nyingi za hivi zinatokea. Kaa kulia, inakupa na pembeni pa kukimbilia. Mstari wa njano siku zote uwe kushoto kwako na mweupe kulia, ukiwa kwenye rampu ukaona njano iko kulia, simama, uko kinyume. Ukiona virifleka vyekundu, simama. Na taa ya rampu ikiwa nyekundu saa ambazo haina kawaida ya kuwaka, usipite hata kama wa nyuma anapiga honi mpaka betri inaisha.

Yule dada nesi bado namchukua Jumamosi. Siku hizi tukikaribia Thunderbird yeye ndo wa kwanza kunyanyua uso, anaangalia kibao, akikuta kimezima anarudi kwenye simu yake, na mimi nakuwa nimeshahamia kulia tangu Bell.